Shangazi Hapati Joto

Sikulala vizuri, na mtu ambaye hakulala vizuri hafai kuambiwa asubuhi kwamba lori lake limekufa. Baba aliniambia hivyo hivyo. Alisimama uani, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba kama kawaida, akasema mnunuzi wa chuma chakavu angekuja baada ya adhuhuri, na wakielewana, lori lingeondoka leo leo.

"Atalivuta au ataliendesha?" nikauliza.

"Hilo ni lake."

"Kwa sababu kama linawaka, Baba, halijafa."

"Usinianze asubuhi, mwanangu."

Lori letu ni la pua ndefu, la zamani kuliko kaka yangu, na nyumbani tunaliita Shangazi. Ukimpigia kelele ananuna. Ukimsalimia vizuri anakubeba siku nzima bila neno. Baba alimwendesha mpaka magoti yakagoma. Kaka, mwenye duka la vifaa vya umeme, hatapanda hata kiti cha abiria, maana kona zinamtapisha. Nikabaki mimi. Nimebeba mchanga, matofali na kokoto mpaka wajenzi wakaacha kunishangaa, wakaanza kunigombeza nikichelewa, jambo nililolipokea kama heshima. Sasa Baba alikuwa amekwisha kunipangia maisha: Shangazi akiuzwa, nitakaa dukani kwa kaka niuze balbu. Sina ugomvi na balbu. Ila mimi ni dereva, na nilikuwa sijamaliza.

Ugonjwa wenyewe ulianza na majira ya baridi. Asubuhi ukimwasha, Shangazi anatetemeka na kutoa moshi mweupe, na mshale wa joto unalala chini kabisa. Hata umwendeshe mwendo mrefu, haufiki katikati. Injini ya namna hiyo inakunywa dizeli bila aibu, halafu mlimani haina nguvu. Juzi tukamwita fundi wetu. Tunamwita Uhakika, kwa kuwa kila anachosema kinaanza na "nina uhakika", hasa pale ambapo hana. Alifungua kifuniko cha oili, akakuta chini yake povu zito la rangi ya maziwa. Akalifuta kwa kidole, akamwonyesha Baba.

"Nina uhakika, Mzee. Maji yanaingia kwenye oili. Bloki ya injini imepasuka. Ni ile siku ilipochemka."

Ile siku, nyumbani kwetu, haina haja ya maelezo. Mwaka jana, kwenye mlima wa machimbo, Shangazi alichemka nikiwa na mzigo. Nilifungua boneti, na mpira wa juu wa rejeta, unaopitisha maji ya moto, ukapasuka mbele yangu, nikajikinga kwa mkono wa kushoto. Tangu kiwiko mpaka kifundo, ngozi ya mkono huo sasa ni laini na inang'aa. Chanzo kilikuwa themostati, kile kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi hujifunga, ili maji yasiende kupozwa kwenye rejeta. Ikipata moto hufunguka. Chetu kiling'ang'ania kufunga. Nilipokuwa ndani na bandeji, Baba alinunua kipya, akakifunga mwenyewe. Boksi lake nililiona. Na tangu siku ile Baba hajautazama mkono wangu. Akinipa kikombe cha chai, anatazama kikombe.

"Nipe mpaka huyo mtu aje," nikamwambia.

"Utafanya nini ambacho Uhakika hakufanya?"

"Uhakika alimtazama. Mimi nitamshika."

Baba akaguna, akaenda kukaa kwenye ngazi za mlango. Mguno wa Baba ni ruhusa, ukiuwahi kabla hajaongeza neno. Nikapandisha mikono ya shati, nikajifunga kibwebwe.

Nilianza na lile povu, kwa sababu ndilo lililomhukumu Shangazi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: oili nyeusi, safi, hata chembe ya maziwa hakuna. Nikaingia chini ya injini, nikalegeza nati ya kumwagia oili, nikakinga matone machache kwenye kijiko, maana kama kuna maji, yatakuwa yamezama huko chini. Kisha nikaenda jikoni, nikaweka kikaango kitupu motoni.

"Kikaango changu hicho!" Mama akasema.

"Hiki ulikitupa, Mama."

"Nilikitupa. Sikukugawia."

Uhakika aliingia na mfuko wake wa spana wakati kikaango kimeshika moto sawasawa. Nilikuwa nimempigia simu, nikitaka ashuhudie. Nikachukua kwanza chembe ya lile povu la kifunikoni, nikalidondosha. Likapasuka tatata, Mama akaruka nyuma. Hayo ni maji. Kisha nikadondosha oili iliyotoka chini ya injini. Ikatulia, ikatoa moshi mwembamba, basi.

"Rudia," Uhakika akasema. Nikarudia. Ikatulia vile vile.

"Huo ni mvuke, Fundi. Injini haipati joto, basi inatoka jasho, jasho linakaa kwenye kifuniko kama kwenye sufuria. Ingepata joto vizuri, lingekauka lenyewe. Na maji ya rejeta hayajapungua hata kidogo tangu baridi ianze. Yangekuwa yanaingia kwenye oili, yangepungua."

"Nina uhakika..." akaanza, kisha akaacha. Akakuna kidevu, akacheka mwenyewe. "Mimi niliona povu nikakimbilia msibani. Basi tusiulize tena maji yanaingia wapi. Tuulize joto linakwenda wapi."

Ndiyo maana simbadilishi Uhakika kwa fundi mwingine. Ana domo, lakini akikosea hakasiriki na ukweli. Akavua koti, tukatoka wote wawili.

Tukamwasha Shangazi. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, lakini feni ilikuwa inavuma kiasi cha kunipeperushia shati. Hapo tukatazamana. Feni yake ina klachi: injini ikiwa baridi inatakiwa izunguke kivivu, ingoje joto ndipo ishike kazi. Tukazima, nikajaribu kuisukuma kwa mkono. Haikusogea. Uhakika akamulika tochi, akaniita kwa kidole. Nyuma ya klachi kulikuwa na bolti mbili zilizoibana isiteleze kamwe, na mtu alikuwa amezipaka rangi nyeusi zisionekane.

Nikafikiri kidogo tu. Fundi wa gereji hana muda wa kupamba bolti. Katika ukoo wetu kuna mtu mmoja anayepaka rangi kila anachokigusa, hata vichwa vya misumari. Nikatuma aitwe. Kaka alikuja na penseli sikioni, akaiona tochi inamulika wapi, akasimama mbali kidogo.

"Ni mimi," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Lini?"

"Ulipokuwa na bandeji."

"Na hukuniambia?"

"Ungezifungua."

"Naam, ningezifungua!"

"Ndiyo maana sikukuambia, mdogo wangu."

Nikazifungua hapo hapo mbele yake, nikamwekea mkononi, na bado zilikuwa zinapendeza. Feni ikawa laini. Lakini upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, nikataka kuuziba usipige rejeta. Kila siku ya baridi huwa nafunga kipande cha boksi mbele ya rejeta, na kila siku kipande kinapotea. Nilikuwa nimeulaumu upepo, kisha watoto wa jirani, kisha watoto wa jirani tena. Nikarudi jikoni kutafuta kingine, nikasogeza mlango, nikaviona vipande vyangu vyote vimepangwa nyuma yake na kufungwa kamba vizuri.

"Mama."

Mama alikuwa anasugua kikaango alichokitupa. "Vinaziba hewa," akasema bila kugeuka. "Gari lazima lipumue."

"Mama, Shangazi anatetemeka kila asubuhi!"

"Hata wewe ulitetemeka siku ile. Hukuwa unajiona. Mimi ndiye niliyekushika."

Nikasimama pale nimekumbatia maboksi. Hasira ikapungua nusu. Nusu nyingine nikaiweka, nilihisi bado nitaihitaji. Nikachukua kipande kimoja, nikamwonyesha Mama kwamba nimekichukua, nikatoka.

Tukamwasha tena, feni ikiwa huru na boksi mbele. Safari hii mshale ulisogea, lakini kwa kinyongo, ukasimama chini ya katikati, hautaki tena. Jua lilikuwa linapanda. Kaka alitazama lango, halafu saa yake, halafu mimi.

Uhakika akanyoosha mkono kuelekea mpira wa juu wa rejeta, ule ule. "Ngoja nishike mimi, dada."

"Niachie."

Sitasema sikuogopa. Mkono wa kushoto uliingia tumboni mwa injini wenyewe unajua unakwenda wapi. Nikauzungushia mpira vidole. Kwa kawaida mpira huo hubaki baridi kabisa wakati injini inapasha, kwa kuwa kilango kimefungwa na maji hayajaruhusiwa kupita. Nilimwambia Uhakika azime, tukamwagia injini ndoo kadhaa za subira mpaka ikapoa, tukaanza upya. Mpira ulikuwa vuguvugu tangu mwanzo. Injini ikipanda, nao unapanda. Injini ikiongeza, nao unaongeza.

"Maji yanapita," nikasema. "Kilango kiko wazi."

"Haiwezi kuwa. Si kilikuwa kipya?"

"Ni kipya. Na kiko wazi."

Kwenye ngazi Baba akasimama. Sauti yake ilitoka kavu. "Hapo pako sawa. Hapo nilipafunga mwenyewe."

"Najua, Baba."

"Basi paache."

Sikupaacha. Sijawahi kumkaidi Baba mbele ya mtu wa nje, na nilijua Uhakika anasikia na Kaka anasikia, lakini ningepaacha, adhuhuri ingenikuta na spana mkononi na uwanja mtupu. Nikazima injini, tukangoja, nikafungua bolti za kofia ya themostati moja baada ya nyingine. Maji yakamwagika miguuni. Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati.

Ilikuwa mpya kweli, inang'aa. Mdomoni mwake kulikuwa na kipande cha bolti kilichokatwa, kimekingamishwa ili kilango kisiweze kufunga hata kikitaka. Kipande hicho kilikuwa kimefungwa kwa waya wa shaba, umesokotwa kwa kukaza, na ncha yake imekunjwa kwa ndani isimchome mtu. Lango letu limefungwa hivyo. Mkono wa birika umefungwa hivyo. Nikageuka kumtazama Baba, naye alikuwa ameivua miwani yake, ameificha kiganjani.

Uhakika akaanza ghafla kuzihesabu spana zake.

"Kile cha kwanza kilijifunga," Baba akasema mwishowe. "Hiki nikahakikisha hakitajifunga."

"Na Fundi aliposema bloki imepasuka, ulijua waya upo."

"Nilijua. Lakini kiangazi chote mshale ulikaa karibu na katikati, nikaona waya hauna madhara. Ya feni sikuyajua. Ya maboksi sikuyajua." Akamtazama Kaka, kisha mlango wa jikoni, ambapo Mama alikuwa amesimama na kikaango. "Aliposema bloki, nilimwamini."

"Ulitaka kumwamini."

Akaigeuza miwani kiganjani.

"Nilitaka," akasema. "Nikasema liende. Dukani hakuna maji yanayochemka."

Nilimpenda Baba wakati ule kuliko siku yoyote, na nilitamani kuirusha spana ukutani. Vyote viwili vilinijia kwa pamoja, na ile nusu ya hasira niliyoiweka ikatoka yote.

"Shangazi mmemwonea bure," nikasema. "Mlikuwa mnanipoza mimi. Kila mmoja kwa siri yake! Mngekaa meza moja mkaambiana, angalau mngejua mmemgandisha! Mkono ni wangu, Baba. Uliungua, ukapona, nikarudi kwenye usukani. Nilirudi kwa miguu yangu. Mmoja wenu aliniuliza?"

Kaka akaziangalia bolti zake. Mama akasema, "Hatukukuuliza," basi.

Baba akavaa tena miwani. "Na kikijifunga tena?"

Lilikuwa swali la haki, na nilifurahi kwamba hatimaye ameliuliza kwa kinywa, si kwa waya. Sikumjibu kwa maneno. Nikamtuma Uhakika gereji alete themostati nyingine, maana hii ilikuwa imekaa na mdomo wazi muda mrefu na sikuwa na imani na springi yake. Aliporudi, nikabandika sufuria ya maji jikoni, tukaizunguka sote watano, nikamkabidhi Baba themostati ikiwa imening'inizwa kwenye waya wake mwenyewe wa shaba.

"Itumbukize."

Akaitumbukiza. Maji yalipokuwa vuguvugu, kilango kilikaa kimefunga. Mvuke ukaanza, mapovu madogo yakapanda, na hapo kikajisukuma taratibu, kikafunua mdomo. Baba akaitoa nje, akaisogeza karibu na miwani. Ilipopoa, ikafunga.

"Tena," akasema.

Ikafunguka, ikafunga.

"Tena."

Mama alitaka kusema jambo, Kaka akamgusa kiwiko. Baba aliitumbukiza na kuitoa mpaka maji ya sufuria yakaanza kwisha, na kila mara ilifanya kazi yake. Mwishowe akaufungua waya, akautia mfukoni, akanipa themostati kiganjani.

"Funga," akasema. "Lakini nitakaa kiti cha abiria."

Tulifunga, tukajaza maji, tukatoa boksi mbele, maana sasa halikuhitajika. Kokoto za mteja zilikuwa bado mgongoni tangu juzi. Nilipolitoa lori langoni, sikuuliza tunakwenda wapi, na Baba hakuuliza. Tulikwenda mlima wa machimbo.

Mshale ulianza kupanda kabla hatujafika kona ya kwanza. Nilikuwa nimesahau jinsi Shangazi anavyokuwa akipata joto: moshi ukakatika, mtetemo ukatulia, nguvu ikaingia kwenye magurudumu. Mlima ukaanza. Nikapunguza gia, injini ikanguruma, mshale ukafika katikati. Baba alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine. Mshale ukapita katikati kidogo.

"Simama," akasema.

"Bado, Baba."

"Nimesema simama!"

"Ngoja. Uangalie. Usiniangalie mimi, uangalie mshale."

Tulikuwa tunapita pale pale, penye jiwe nililoegemea siku ile nikisubiri mtu atokee. Nikakaza mguu kwenye mafuta. Mshale ukatikisika, ukasita, kisha ukarudi nyuma, ukatulia katikati kabisa, ukabaki hapo mpaka juu.

Huko juu nikasimamisha, nikaacha injini ikinguruma polepole. Hewa ya moto ilikuwa imeanza kutoka chini ya dashibodi, ile ambayo hatukuipata majira yote ya baridi, na ilikuwa inapuliza moja kwa moja kwenye magoti ya Baba. Alishusha mikono, akayasogeza magoti karibu zaidi.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya gia, shati limepandishwa. Baba akautazama. Akautazama wote, tangu kiwiko mpaka kifundo, kisha akaweka kiganja chake juu yake.

"Uliuma sana?" akauliza.

"Uliuma sana, Baba."

Akatikisa kichwa. Hapo simu yake ikalia. Mnunuzi alikuwa amefika nyumbani, anataka kujua lori liko wapi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake mwingine haukuondoka pale ulipokuwa.

"Haliuzwi," akasema. "Hapana, si suala la bei. Lina dereva."